KIJANA ALIITWA MWIZI, KUMBE NI WAYA

(Hotuba hii ilisomwa na mafundi wa umeme mbele ya mkutano wa wanachama, Dar es Salaam. Tunaitoa yote kama ilivyosemwa.)



Tumeitwa hapa kusema habari za mashine za kuoshea magari, zile ambazo mwenye gari hutia sarafu mwenyewe, akashika bunduki ya maji mwenyewe, akaosha gari lake mwenyewe mpaka muda wake uishe. Baadhi yenu mtauliza: Je, mkutano wa wananchi wahusikaje na mashine ya kuosha gari? Jibu letu ni fupi. Mashine hizo zimenunuliwa kwa fedha za vijana waliochanga kidogo kidogo katika ushirika wao, na zikiharibika ni fedha hizo zinazopotea. Kadhalika mtu anayeishika bunduki ile amesimama ndani ya maji, viatu vimelowa, mikono imelowa, na umeme uko hatua mbili tu kutoka alipo. Na la tatu, ambalo ndilo hasa lililotuleta, ni kwamba kijana mmoja alitiwa doa la wizi kwa ajili ya mashine hiyo, na sisi tunaosimama mbele yenu tulikuwa na sehemu yetu katika jambo hilo. Tutalieleza bila kuficha.

Kwanza yafaa muijue mashine yenyewe. Marekani na Ulaya mashine hizi ni jambo la kawaida. Utakuta vibanda vinne, vitano, sita vimepangwa mstari mmoja, hapana mtumishi aliyesimama pale, na mwenye gari hujihudumia mchana na usiku. Hapa kwetu kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya vijana wenye pampu, ndoo na matambara, na mashine za sarafu ni chache. Zile tunazozihudumia sisi zilitoka Marekani zikiwa zimekwisha kutumika huko, zikaletwa kwa meli, zikafungwa hapa na watu waliokuja na kuondoka. Walituachia funguo. Michoro hawakutuachia.

Mwenye gari akitia sarafu, kisanduku huipima, na kikiikubali hupeleka mpigo mmoja mdogo wa umeme kwenye saa ya mashine. Saa ikipokea mpigo huhesabu: sarafu moja, dakika tatu. Hapo hufungua njia ya umeme wa volti 24, ambao ni umeme mdogo uliopunguzwa na transfoma kutoka katika ule mkubwa wa volti 230. Umeme huo mdogo ndio unaokwenda kwenye swichi ya kuzungusha anayoishika mwenye gari ili achague sabuni, au maji ya kusuuza, au nta. Ukitoka hapo huenda mahali pawili: kwenye vali ya umeme inayofungulia sabuni au maji, na kwenye kontakta. Kontakta, kwa wasioijua, ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku, nayo ndiyo inayoipa mota ya pampu ule umeme mkubwa. Pampu ikizunguka husukuma maji kwa nguvu ipatayo pauni 1,000 kwa kila inchi mraba, yaani bar 70 hivi, nguvu inayotosha kubandua rangi iliyolegea na hata ngozi ya mkono wa mtu mzembe.

Waliobuni mashine hawakuchagua volti 24 kwa ubahili. Walijua kuwa mkono unaogusa swichi ile utakuwa umelowa, wakaona heri uguse umeme mdogo usioua. Lakini umeme mdogo nao una udhaifu wake, na huo tutaurudia.

Sasa tuje kwenye habari ya kijana.

Katika kituo kimoja cha ushirika, ambacho hatutakitaja jina, mna vibanda vinne. Kijana mmoja, mwenye umri wa miaka ishirini hivi, ndiye aliyepewa ufunguo wa visanduku vya sarafu. Kila jioni alikuwa akifungua, akihesabu, akiandika, kisha akipeleka kwa mtunza fedha. Ndani ya kila mashine mna kihesabu kinachoonyesha sarafu zilizopokelewa kwa siku. Siku moja mtunza fedha akaamua kusoma kihesabu mwenyewe. Katika kibanda cha 2 akakuta kimeandika sarafu 41. Ndani ya kisanduku mlikuwa na sarafu 33. Kesho yake zikapungua 5. Siku ya tatu zikalingana sawasawa. Siku ya nne zikapungua 9.

Ninyi mngesema nini? Kamati ilisema yale ambayo kila mtu angeyasema: mashine haina mkono, mashine haina mfuko, na mwenye ufunguo ni mmoja. Kijana aliapa. Mama yake akaja, naye akaapa. Hata hivyo kijana akasimamishwa kazi, na maneno yakaenea mtaani kabla jua halijatua. Palikuwa na swali moja lililo wazi kama mchana ambalo hapana aliyeliuliza, na sisi ni miongoni mwao: mbona upungufu uko kibanda cha 2 peke yake, na hali ufunguo ni ule ule mmoja unaofungua vibanda vyote vinne? Mwizi gani huyo anayeiba kisanduku kimoja, vitatu akaviacha?

Sisi tuliitwa siku ya kumi kwa jambo jingine kabisa, maana pampu ya kibanda hicho ilikuwa ikivuja mafuta. Tukiwa tumechuchumaa pale chini, dereva mmoja wa teksi alikuwa anaosha gari lake. Muda wake ukaisha, kontakta ikaachia kwa mlio, ta!, pampu ikanyamaza, na mara ile ile pampu ikawaka tena. Yule dereva akaendelea kuosha magurudumu wala hakugeuza shingo. Tukamwuliza: Ndugu, umetia sarafu nyingine? Akacheka, akasema kibanda hiki kina baraka zake. (Kicheko.) Hapo tukajua. Wateja walikuwa wanajua siku nyingi, lakini ni nani atakayepiga kelele kwa kuwa amepewa bure?

Jioni ile tulikifunga kibanda, tukafanya hesabu yetu. Tulitia sarafu 20, moja moja, kila moja tukiiacha imalize muda wake. Kihesabu kikaonyesha 23. Tukakata umeme wa mota peke yake, kontakta tukaiacha iendelee kuvuta na kuachia bila kazi. Tukatia sarafu 20 nyingine, kihesabu kikaonyesha 22. Basi mota haikuwa na hatia. Tukaufungua waya wa koili ya kontakta, ikawa haivuti wala haiachii. Tukatia 20, kihesabu kikaonyesha 20 barabara. Tukarudia, kikaonyesha 20 tena. Ilikuwa usiku wa manane tulipomaliza, na mlinzi alikwisha kutuona wendawazimu, watu wazima wanaotia sarafu, wanazitoa, wanazitia tena.

Maana yake ni hii. Koili ya kontakta ni waya mwembamba mrefu uliozungushwa juu ya chuma. Umeme ukipita humo huweka nguvu ya sumaku, na ukikatwa ghafla nguvu ile haikubali kufa kimya kimya, bali hutupa mshtuko wa volti nyingi kupita zile 24 ilizopewa. Mshtuko huo husafiri katika nyaya, na tena huruka kwa nyaya za jirani. Na waya wa kisanduku cha sarafu ulikuwa umelazwa bega kwa bega na waya wa kontakta, zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Saa ya mashine ikausikia mshtuko, ikadhani ni mpigo wa sarafu, ikahesabu, ikatoa dakika nyingine tatu. Haikuwa hivyo kila mara, kwa kuwa umeme huu hupanda na kushuka kama mawimbi mara 50 kwa kila nukta ya saa, na mshtuko huwa mkubwa au mdogo kufuatana na mahali wimbi lilipofika wakati wa kukatwa. Ndiyo sababu siku moja hesabu zilikuja sawa, na siku hiyo ndiyo iliyommaliza kijana, maana kamati ilisema: Mnaona? Leo ameogopa hakuiba!

Na kwa nini kibanda cha 2 peke yake? Hapa twaomba mtuvumilie. Miezi mitatu nyuma ni sisi tuliobadili kontakta ya kibanda hicho. Ile ya zamani ilikuwa na kitu kidogo kama ncha ya kidole gumba, kimefungwa kati ya skrubu mbili za koili. Ndani yake mna kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 na rezista ya omu 100, na kazi yake ni moja tu, kuumeza ule mshtuko kabla haujatoka. Kontakta mpya haikuja nacho. Sisi tukaona ni takataka, tukakitupa pamoja na kontakta ya zamani. Hatukuuliza kazi yake. Kitu cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana, tukakitupa, na miezi mitatu baadaye mtoto wa watu akaitwa mwizi.

Tulikwenda kwa kamati asubuhi yake, tukawaeleza, tukawapeleka mpaka kibandani wakatia sarafu kwa mikono yao. Kijana alirudishwa kazini na siku 11 alizokaa nyumbani akalipwa. Alikubali kazi, ila ufunguo alikataa kuushika peke yake, na tangu hapo kila kisanduku hufunguliwa na watu wawili mbele ya kihesabu, hata katika vituo vingine tunavyovihudumia. Mama yake hajatusalimu mpaka leo, nasi hatuwezi kumlaumu.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Tuliweka kapasita na rezista mahali pake katika vibanda vyote. Waya wa sarafu tukautenga na nyaya za nguvu, tukaupitisha njia yake mbali, na badala ya waya wa kawaida tukatia ule wenye ganda la nyavu, nyavu tukazifunga kwenye ardhi upande mmoja tu, si pande zote mbili. Mafundi vijana mliomo humu mwangalie jambo moja: kama koili yenu ni ya umeme wa betri, umeme usiobadili mwelekeo, kinachofungwa ni dayodi. Lakini mtu akiifunga dayodi juu ya koili ya umeme wa mawimbi kama hizi zetu, atakuwa amefunga njia ya mkato, na ataona moshi kabla ya kuona faida.

Hayo yalikuwa ya hesabu. Ugonjwa mwingine, unaotusumbua kuliko wote, ni ule wa umeme unaokuja na kwenda. Kitu kilichokufa kabisa si taabu kwa fundi, kwani ukikipima leo kimekufa, na kesho kimekufa. Taabu ni kile kinachokufa saa nne na kufufuka saa tano, na fundi akifika kinafanya kazi vizuri, mwenye mali akamtazama fundi kwa jicho la kumdhania mvivu. Fundi naye, ili asionekane hakufanya kitu, hubadili kitu. Leo kontakta, wiki ijayo transfoma, mwezi ujao saa ya mashine nzima. Fedha ya ushirika yatoka, ugonjwa upo pale pale.

Tulikuta mahali pamoja wamenunua kontakta tatu kwa mwaka mmoja. Kila moja ilikuwa ikitetemeka kama meno ya mtu mwenye homa, na vidole vyake vya shaba vikaungua, mwisho vikashikana visiachane, pampu ikawa haizimi. Kila fundi aliyekuja alipima volti kwenye nyaya za koili, akakuta 24 kamili, akasema umeme upo, basi kontakta ni mbovu. Kosa lao ni kwamba walipima koili ikiwa imefunguliwa, hapana mzigo. Mfano wake ni bomba la maji lililojaa kutu. Ukiliziba mdomo na kupima msukumo, utauona wote. Lakini fungua bomba ujaze ndoo, ndipo utakapoona maji yanadondoka tone tone.

Kontakta za kawaida zimetengenezwa zivute barabara zikipata angalau sehemu 85 katika 100 za volti zake. Kwa koili ya volti 24 hiyo ni volti 20 na nukta 4. Tena wakati wa kuvuta, kabla chuma hakijakutana na chuma, koili hunywa umeme mara nyingi zaidi kuliko inapokuwa imekwisha kushika. Sasa kama njiani mna skrubu moja iliyolegea au waya ulioota kutu, na hapo zikapotea volti 4, kontakta yapata 20. Inajaribu kuvuta, inashindwa, inaachia; inajaribu tena. Huo ndio mtetemeko. Volti 4 katika 230 si kitu, hata taa haitafifia mkaiona. Katika 24 ni ugonjwa kamili. Huo ndio udhaifu tulioahidi kuurudia.

Kwa hiyo twapima mashine ikiwa inafanya kazi, tena kwa namna ambayo wengi hawaizoei. Badala ya kuweka ncha moja ya mita kwenye waya wa moto na nyingine kwenye nyutro, twaweka ncha zote mbili juu ya kiungo kimoja: ncha moja kabla ya skrubu, nyingine baada ya skrubu. Kiungo kizima, swichi nzima iliyofungwa, itaonyesha karibu na sifuri. Kikionyesha volti 2 au 3, mwizi amekamatwa, naye huyu ni mwizi wa kweli. Twafuata hivyo hivyo kuanzia transfoma mpaka koili, kiungo baada ya kiungo, na waya wa kurudia vilevile, maana watu husahau kuwa umeme huenda na kurudi. Pale penye kontakta tatu ilikuwa skrubu ya waya wa kurudia, nyuma ya mlango, mahali ambapo hapana aliyepatazama kwa sababu hapakuwa na kitu cha kubadilishwa.

Tena mita hizi za tarakimu zina ujanja wake. Zenyewe hazinywi umeme, na kwa hiyo huweza kuonyesha volti zimejaa hata umeme umepita katika uzi mmoja wa shaba uliobaki katika nyuzi thelathini. Mzee aliyetufundisha kazi alikuwa na taa ndogo ya volti 24 yenye nyaya mbili, akaipenda kuliko mita yoyote. Tulimcheka tulipokuwa vijana. Leo kila mmoja wetu anayo taa kama ile mfukoni.

Hapa pwani tuna adui ambaye mashine nyingi hazikumtazamia, nao ni upepo wa chumvi. Waya wa shaba uliovuliwa ganda na kuachwa hivyo hivyo hugeuka kijani, na ile kijani haipitishi umeme ipasavyo. Ongeza mvuke wa sabuni, na joto la mchana linalopanua hewa ndani ya sanduku, kisha baridi ya alfajiri inayovuta hewa mbichi ndani, na asubuhi utakuta matone ya maji yananing'inia juu ya skrubu za umeme ingawa mvua haikunyesha. Waya ulioharibika haufai kusokotwa upya na kuzungushiwa utepe. Yapasa ukatwe mpaka ionekane shaba nyekundu inayong'aa, utiwe kishikio cha kubana chenye risasi nyeupe, ubanwe kwa koleo lake na si kwa meno wala kwa nyundo, ndipo ufunikwe. Na waya unapoingia katika sanduku uingie kwa chini, tena kabla ya kuingia uning'inie kidogo kama shanga shingoni, ili maji yanayoteremka juu yake yadondoke hapo.

Vijana, tena twawaomba: wakati wa kufunga kazi msioshe masanduku ya umeme kwa bunduki ya maji. Tumewaona. Mwaosha sakafu, mwaosha kuta, halafu kwa kupenda usafi mwaligeukia sanduku nalo. Sanduku linalozuia mvua halikuumbwa kuzuia bar 70.

Jambo la mashine zilizotoka Marekani twaligusa kwa upesi, kwa kuwa si wote wanazo. Umeme wa kwao hupiga mawimbi 60 kwa nukta, wetu 50. Transfoma au koili iliyotengenezwa kwa 60 peke yake, ukiipa volti zile zile kwa mawimbi 50, huchemka na kunguruma, na haitaishi miaka yake. Mota nayo huenda polepole zaidi kwa sehemu moja katika sita: ile ya mizunguko 3,450 kwa dakika hufika 2,875 tu, na maji yakapungua kwa kadiri hiyo. Basi kabla ya kununua kitu kisomeni kibati chake. Kama kimeandikwa 50/60, kichukueni, na kama kimeandikwa 60 tu, kiacheni hata kama ni cha bei ya bure. Lakini lililo baya zaidi ni rangi za nyaya. Kwa desturi ya Marekani waya mweusi ni wa moto. Kwa desturi ya zamani ya Kiingereza, ambayo majumba yetu mengi ya zamani yalifungwa kwayo, waya mweusi ni nyutro. Mnaona hatari iliyopo? Fundi aliyezoea nyumba za hapa hufungua sanduku lililotoka kule, akaushika mweusi kwa imani. Usiamini rangi. Kata umeme, kisha pima, ndipo ushike. Na kapasita za mota huweka umeme hata baada ya kukatwa. Zimalizwe nguvu kwa taa au rezista kwanza.

Sasa tuna neno moja la mwisho, nalo ni zito.

Katika kila kituo yapasa pawepo kile kikata umeme kinachotambua umeme unaovuja, ambacho mafundi hukiita RCD, na wengine kwa jina la zamani ELCB. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, maana yake unapita njia nyingine, na pengine njia hiyo ni mwili wa mtu, nacho hukata umeme ndani ya sehemu tatu za kumi za nukta moja. Ile swichi ya kawaida ya ampea 32 haiwezi kazi hii hata kidogo. Miliampea 30 ni sehemu moja katika elfu moja na zaidi ya ampea 32. Mtu atakuwa amekufa, na swichi ile imekaa kimya haijui lolote.

Lakini tumefika mahali si pamoja wala pawili tukakuta kikata umeme hicho kimerukwa kwa waya. Twauliza sababu, twaambiwa: kilikuwa kinakata ovyo, wateja wanakasirika. Twasema kwa sauti hii hii moja, hakikati ovyo. Kinakata kwa sababu umeme unavuja mahali. Fungueni mstari mmoja mmoja mpaka muujue ule unaovuja. Kisha mpime ganda la nyaya zake kwa mita ya volti 500, vyombo vyote vikiwa vimefunguliwa. Isipofika megaomu 1, hapo ndipo. Mara nyingi ni kisanduku cha nyaya cha mota kilichoingia maji, au kifuniko chake kilichopotea na hapana aliyejali. Tulikuta kimoja kimefunikwa kwa kipande cha kopo la mafuta ya kupikia na kamba. Kadhalika waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, usikatwe kwa sababu eti mashine yawaka bila huo. Ni kweli itawaka bila huo, mpaka siku bati la sanduku litakapogusana na waya wa moto, na mtu aliyelowa akaliegemea akingoja zamu yake.

Twaiomba kamati ya kila kituo ifanye jambo dogo: kikata umeme kile kina kitufe cha kujaribia, kibonyezwe kila mwezi, na asiyekiona kikikata afunge kituo siku hiyo hiyo.

Katika kila kibanda sasa tumefunga daftari la shule kwa uzi. Huandikwa tarehe, saa, kama palikuwa na jua au mvua, kibanda gani, mashine ilifanya nini, na mita ilionyesha nini. Daftari hilo ndilo lililotuonyesha kwamba kibanda cha 4 kilikuwa kikigoma saa moja na saa mbili za asubuhi, na kikapona jua likipanda. Ilikuwa umande, nao uliingia kwa tundu la bomba la nyaya lililoachwa wazi juu. Tuliliziba, tukatoboa jingine dogo chini ili maji yatoke, na hakijagoma tena.

Kibanda cha 3 bado kinatusumbua. Huzima katikati ya sabuni, mara moja au mbili kwa juma, bila ya saa maalumu, nasi tumekwisha kupima viungo vyake vyote na kuvikuta vizima. Twashuku swichi ya kuzungusha, au waya uliovunjika ndani ya ganda lake mahali unapopinda mlangoni. Jumamosi hii saa mbili asubuhi tutakuwa pale na taa zetu, kibanda kitafungwa, na kila kijana mwenye mita aje nayo.